Kosa la zamani sana

Hapa Nakivale binti mmoja wa kikundi chetu aliandika "goods children". Wenzake wakamcheka, akaacha kuja.

Kwa Kiswahili ni mtoto mzuri, watoto wazuri. Kivumishi kinafuata nomino. Kilatini nacho hivyo hivyo, ndiyo maana wanasarufi wa kale walikiweka kivumishi ndani ya nomino. William Bullokar alipochapa sarufi ya Kiingereza mwaka 1586 alifuata ya Kilatini. Hadi karne ya 18 ndipo kivumishi kikazoea kuhesabiwa peke yake. Na Kiingereza chenyewe zamani kilibadilisha vivumishi kwa wingi, kikaja kuacha.

Nilimfuata kwao. Nikamwambia: mdogo wangu, umechelewa tu miaka elfu moja.

Akacheka. Jumatatu alirudi, na daftari.