Elfu 15 tu: jinsi ya kufufua kompyuta kuukuu ya michezo

Baada ya Idi, mpwa wangu alinijia na bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 15,000 alizoweka Ramadhani nzima kwa kuuza viazi karai na bajia nje ya nyumba yao. "Mjomba," akaniambia, "nimeona kadi ya michoro mtandaoni, wanataka 14,500. Nikiitia kwenye mashine yangu itapaa."

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, zile zilizofanya kazi kwenye maofisi ya Ulaya kisha zikaja huku kama mitumba. Ina prosesa ya Core i5-3470, RAM ya 4GB na hadi diski ile ya zamani inayozunguka. Nilimuuliza swali moja tu: pawa saplai yako ni ya wati ngapi? Hakujua. Kadi aliyoitaka ilihitaji waya wake wa ziada wa umeme, na pawa saplai ya mashine ile haina waya huo. Angelipa pesa zote, akarudi nyumbani na kadi isiyowaka.

Vijana wengi hapa pwani wako katika hali hiyo, na wazazi wao ndio wanaoombwa pesa. Kwa hivyo nimeona niandike hatua tulizofuata, kwa mpangilio wake. Mpangilio ndio unaookoa pesa.

Kwanza, jua kinachokwama

Usinunue chochote kabla hujajua mgonjwa anaumwa wapi. Fungua mchezo unaokusumbua, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha prosesa, RAM, diski na kadi ya michoro vinavyofanya kazi. Diski ikiwa kwenye asilimia 100 kila mara, tatizo ni diski. RAM ikijaa pomoni, tatizo ni RAM. Kadi ya michoro ikifika juu kabisa huku vingine vimepumzika, hapo ndipo kadi mpya itakusaidia. Kwa mpwa wangu, diski na RAM zote mbili zilikuwa zimelemewa. Kadi ya 14,500 isingetibu hayo.

Pili, safisha

Hatua hii karibu ni ya bure. Sisi watu wa pwani tuna joto, unyevunyevu na hewa ya chumvi, na vumbi likichanganyika na hayo hugandamana kwenye feni. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mchezo unaanza kukatakata. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Shika panga za feni zisizunguke unaposafisha. Ondoa dawa kavu iliyo juu ya prosesa, upake mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Chomoa RAM, futa meno yake taratibu kwa raba, uirudishe mpaka isikike ikibana. Dawa ile tulinunua kwa shilingi 300.

Tatu, diski na RAM

Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hukaribia 500. SSD haitaongeza ubora wa picha, lakini mashine itawaka upesi na mchezo hautakuweka ukingoja. Tulinunua ya 240GB kwa 2,800, na diski ya zamani tukaiacha humo humo kuhifadhi michezo mikubwa. GTA V, kwa mfano, ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilitaka nafasi ya 65GB hivi, na leo inataka zaidi.

Kwenye RAM, angalia aina. OptiPlex hii inatumia DDR3 ya kompyuta ya mezani. DDR4 haiingii, na ya leptopu haiingii. Vipande viwili vya 4GB hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 8GB, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. Tuliongeza kipande kimoja cha mtumba kwa 800, ikawa 8GB.

Nne, hesabu ya wati

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 ya mnara ni ya wati 275. Prosesa imewekewa wati 77. Tundu la kadi kwenye madabodi linaweza kutoa wati 75, si zaidi. Kwa hivyo tafuta kadi inayotosheka na wati hizo na isiyo na tundu la waya wa ziada. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo za namna hiyo, zote zikiwa na kumbukumbu ya 4GB. Lakini baadhi ya matoleo yake huwekewa tundu la pini sita, basi itazame kadi yenyewe kabla ya kutoa pesa. Na kama kompyuta yako ni ile nyembamba, unahitaji kadi fupi, la sivyo kifuniko hakitafunga.

Usishawishike na pawa saplai ya bei ya kutupa iliyoandikwa wati 500. Maandishi ya kwenye karatasi si umeme. Ikilipuka huenda ikaondoka na madabodi pia.

Tano, kadi mwisho

Tulipata GTX 1050 Ti iliyotumika kwa 9,500. Kadi hiyo ni ya mwaka 2016, na Nvidia imeacha kuitolea maboresho ya michezo mipya. Inapewa ya usalama tu. Mwenye kuweza kuongeza pesa apate 1650 afanye hivyo.

Masharti yangu kwa muuzaji yalikuwa mawili: aiwashe mbele yetu, na aiache icheze mchezo kwa dakika 20. Pia tulikwenda na programu ya bure ya GPU-Z kwenye flashi. Kuna kadi kuukuu sana zinazobadilishwa jina ndani ili zionekane mpya, na programu hiyo huandika wazi kwamba ni bandia inapozigundua. Muuzaji muaminifu hakasiriki ukipima bidhaa yake. Anayekataa, mwache na kadi yake.

Hesabu yetu ikawa 300, 2,800, 800 na 9,500, jumla 13,400. Tulitumia 1,200 kwa ekstensheni yenye kinga ya umeme, maana umeme unaporudi kwa kishindo hauchagui cha kuunguza. Mpwa wangu alibaki na shilingi 400. Bei hubadilika na kila duka lina lake, lakini mgawanyo huo unaweza kukuongoza.

Ujue pa kusimama

Mashine hii ina mipaka. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya umri huu. Njia iliyopo ni kujisajili kwa nyongeza ya usalama inayofika Oktoba 2026, au kuhamia Linux, ambako michezo mingi ya Steam huchezeka, ingawa baadhi ya ile ya kushindana mtandaoni hukataa. Pia michezo kadhaa mipya inadai uwezo ambao prosesa za 2012 hazikuumbwa nao. Ukifika hapo, acha kutia pesa. Anza kuweka akiba ya mashine nyingine, na SSD na kadi utahama nazo.

Leo kijana anacheza GTA V bila kukwama, na asubuhi dadake anafanyia kazi za shule kwenye mashine hiyo hiyo. Mali iliyotoka kwenye karai la mafuta ya moto haifai kuishia kwenye israfu. Kabla hujalipa, fungua ubavu wa mashine yako na usome kibandiko cha pawa saplai. Kukisoma ni bure.