Bonanza, Kijito cha

Kijito kidogo cha eneo la Yukon, kaskazini-magharibi ya Kanada, kimiminikacho katika mto Klondike karibu na mji wa Dawson. Dhahabu iliyopatikana humo asili yake ni mishipa ya kwatzi iliyomo katika miamba ya kale ya shisti. Miamba hiyo ilipomomonyolewa na maji kwa mamilioni ya miaka, kwatzi ilisagika ikawa changarawe, na dhahabu, kwa uzito wake, ikazama hata ikatua juu ya mwamba wa chini. Barafu kuu za zama za kale hazikulifikia bonde hili, na lau zingalifika, bila shaka zingaliikokota hazina yote na kuitawanya.

Mnamo Agosti 1896, Keish wa kabila la Tagish, aitwaye pia Skookum Jim, pamoja na shemeji yake George Carmack na Dawson Charlie, waliiona dhahabu hapo. Kuhusu nani aliyeiona kwanza, masimulizi yanakhitalifiana. Carmack ndiye aliyejiandikishia hati ya ugunduzi, na sifa ikamwendea yeye, jambo ambalo halikuwa la insafu.

Ardhi ilikuwa imeganda, hivyo wachimbaji waliiyeyusha kwa moto, kisha kwa mvuke. Umati wa watafuta dhahabu uliowasili 1898 ulikuta viwanja vyote vimekwisha twaliwa. Baadaye kazi ilishikwa na mitambo mikubwa ya kuelea, mmojawapo ukiwa Namba 4, uliojengwa 1912 na kusita 1959. Ungali umesimama kandoni mwa kijito.