Ndege Iliyotelekezwa, na Nida ya Kumtafuta Mwenyewe

Mwezi wa Desemba 2015 wasomaji wa gazeti la The Star katika nchi ya Malaysia walikuta tangazo la wasimamizi wa kiwanja cha ndege cha Kuala Lumpur, likimwita mtu asiyejulikana alipo aje achukue ndege zake tatu kubwa aina ya Boeing 747, zenye alama TF-ARM, TF-ARN na TF-ARH, na alipe ada za kutua na za maegesho zilizolimbikizana; asipotokea katika muda wa siku 14, ndege zile zingeuzwa au kuondolewa kwa njia nyingine ili deni lipate kulipwa. Watu wa nchi nyingi walistaajabu kwamba chombo kikubwa kiasi kile chaweza kukosa mwenyewe. Mfasiri wa Kiswahili anayeletewa habari ya namna hii hukabiliwa na neno la Kiingereza “abandoned”, na aghalabu kalamu yake hukimbilia neno “kutelekezwa”. Nia yangu ni kulipima neno hilo, kwa kuwa naliona zuri na zito, na kwa kuwa naliona likitumiwa kabla ya wakati wake.

Kutelekeza lilikuwa neno la nyumbani kabla ya kufika kiwanjani. Mume aliyesafiri bila kuacha masurufu, wala asipeleke salamu, miaka ikapita, huyo amemtelekeza mkewe. Na mzazi aliyemwacha mwanawe pasipo mlezi kadhalika amemtelekeza. Ndani ya neno mna mambo mawili yasiyotengana: mtu mwenye wajibu, na azma ya mtu huyo ya kuuvua wajibu wake. Ndiyo maana aliyefungwa gerezani akashindwa kurudi kwake hasemwi kuwa ametelekeza, na asiye na haki juu ya kitu hawezi kukitelekeza. Neno hili, tena, lina jirani wa hatari, nalo ni kutekeleza, ambalo kwa kubadilishana nafasi silabi mbili za katikati hubeba maana ya kinyume kabisa. Na si mara moja nimesoma habari ambamo mwenye ahadi “ametelekeza” jambo alilokuwa amelitimiza barabara.

Ikiwa hiyo ndiyo maana ya neno, basi ndege iliyosimama muda mrefu, hata magurudumu yake yakakosa upepo na ndege wa kweli wakajenga viota katika injini zake, haijawa bado iliyotelekezwa kwa sababu ya sura yake tu. Yumkini imezuiliwa. Mwezi wa Agosti 2019 ndege ya Air Tanzania aina ya Airbus A220 ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kwa ajili ya daawa ya mtu aliyekuwa akiidai Serikali ya Tanzania, ikaachiliwa mwezi wa Septemba. Na muda wote ule mwenyewe alikuwa akiipigania. Yumkini pia imesahauliwa, kama ile Boeing 737 ya Air India iliyokaa Kolkata takribani miaka 13, na ambayo kampuni yenyewe ilikuja kukumbushwa na wasimamizi wa kiwanja kwamba ni mali yake, ikalipa ada na kuiondoa mwaka 2025. Kusahau ni uzembe mkubwa katika jambo la thamani hii, walakini si kutelekeza, maana azma haikuwapo. Kiswahili kina maneno ya hali hizi zote, nalo kila moja lastahili kupewa mahali pake: iliyoegeshwa, iliyozuiliwa, iliyosahauliwa, iliyotelekezwa.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno “mwenyewe”. Kwa mujibu wa mkataba wa Chicago wa 1944, ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na alama iliyochorwa ubavuni huutangaza uraia huo: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, na TF, iliyosomwa kule Kuala Lumpur, ni Iceland. Mtafutaji huanzia hapo, naye mara nyingi hukwama hapo hapo, kwa sababu rangi hudumu hata baada ya jina kufutwa daftarini, na kwa sababu daftari la usajili katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwa mojawapo, si ithibati ya milki. Aliye na ndege ni mmoja, anayeirusha ni mwingine, na aliyetoa fedha akaishika kama rehani ni wa tatu. Sisi wenyewe tunao mfano huo: mwaka 2019 ndege zilizorushwa na Air Tanzania zilikuwa mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na kampuni ilizikodi, na kwa sababu hiyo mdai wa Serikali aliweza kuikamata Johannesburg ndege yenye jina la kampuni. Kwa hiyo naona yafaa tuseme “mmiliki” kwa mwenye milki, “mwendeshaji” kwa mwenye kuirusha, na “mwenye rehani” kwa aliyekopesha, tusiyachanganye yote katika “mwenyewe”.

Pale alama inaponyamaza, kuna shahidi mwingine. Kanuni za kimataifa zaamuru kila ndege iwe na kibati cha madini yasiyoteketea kwa moto, kilichokazwa karibu na mlango mkubwa, kikiwa na alama ya usajili. Na kiwanda nacho hukipa kila chombo namba yake, ambayo haibadiliki hata ndege ikiuzwa mara kumi. Kwa namba hiyo mtafutaji aweza kuuliza katika daftari la kimataifa lililoko Dublin, lililofunguliwa mwaka 2006 kwa mkataba wa Cape Town wa 2001, ambao Kenya na Tanzania zimo miongoni mwa nchi zilizouridhia. Humo huandikwa haki za wakopeshaji na wakodishaji, nazo injini huandikwa mbali na mwili wa ndege, kwa kuwa injini yaweza kuwa ya mtu mmoja na mabawa yanayoibeba yakawa ya mwingine. Aghalabu injini ndiyo yenye thamani iliyobaki. Ikisha kung'olewa, deni la maegesho huishinda bei ya kiunzi, na hapo mwenye mali aliyefilisika huona nafuu kunyamaza.

Ukimya huo huvunjwa kwa nida, na katika jambo hili lugha yetu ina hazina. Kunadi ni kutangaza kwa sauti mbele ya watu, na kwa shina lilo hilo tumepata mnada. Basi msimamizi wa kiwanja hunadi mara mbili: kwanza humnadia mwenyewe aje, na asipokuja huinadi mali ipate mnunuzi. Watu wa pwani waliosoma fikihi ya Shafii wanayajua haya katika mlango wa luqata, mali iliyookotwa, ambapo mwokotaji wa kitu cha thamani hupaswa kukitangaza mwaka mzima kabla ya kukitumia. Siku 14 za Kuala Lumpur ni chache zikilinganishwa na mwaka, lakini kanuni ni ile ile: milki ya mtu haiondoki kwa kimya chake ila baada ya kuitwa.

Na nida ile iliitikiwa. Baada ya siku chache kampuni ya Swift Air Cargo ilijitokeza ikidai kuwa ndege zile ni zake. Siku tangazo lilipochapwa, basi, hakuna aliyekuwa na haki ya kuziita zilizotelekezwa. Nawasihi wahariri na wafasiri wetu: kabla ya nida andikeni “ndege isiyojulikana mmiliki”, nida ikipigwa na siku zikapita bila jibu, hapo andikeni “ndege iliyotelekezwa”.