Majina ya Sarufi katika Lugha ya Kiholanzi

Kila elimu ina lango lake, na lango la sarufi ni majina. Mwanafunzi wa Kiholanzi asiyeyajua maana hubisha hodi asiitikiwe.

Zamani wataalamu wengi wa Uholanzi waliandika elimu yao kwa Kilatini. Mwaka 1584, nchi ikiwa vitani na Hispania, chama cha watunzi wa Amsterdam kiitwacho De Eglentier kilitoa Twe-spraack, kitabu cha sarufi kwa namna ya mazungumzo ya watu wawili. Kitabu hicho, ambacho hunasibishwa na Hendrik Laurenszoon Spiegel, kilipigwa chapa Leiden kwa Christoffel Plantijn. Nia yake ilikuwa Kiholanzi kielezwe kwa Kiholanzi.

Nia hiyo ingali yazaa matunda. Irabu huitwa klinker, yaani chenye kulia. Konsonanti huitwa medeklinker, yaani chenye kulia pamoja na mwenziwe. Kitenzi ni werkwoord, neno la kazi. Kiunganishi ni voegwoord, neno liungalo. Msemaji wa Kiswahili haoni ugeni hapo, kwani kitenzi chake nacho kimezaliwa na kutenda.

Walakini jina la kienyeji laweza kubeba wazo la kigeni. Kilatini hubadili mwisho wa jina kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi, na wanasarufi wake walihesabu hali sita. Twe-spraack ilizifuata zote sita, na hali ya mtendwa ikaitwa Mshitaki. Kosa hilo lilikuwa la kale: Warumi walipofasiri neno la Kiyunani lihusulo sababu, walilidhania la mashitaka. Waholanzi wakalirithi, wakalivika nguo za kwao.

Kiholanzi chenyewe kilikwenda njia nyingine. Katika de man ziet de hond, mtu ndiye amwonaye mbwa. Ukisema de hond ziet de man, mbwa ndiye aonaye, wala hapana neno lililobadilika ila mahali pake. Sheria ya maendelezo ya mwaka 1947 ilipofuta sehemu kubwa ya viishio vya hali katika maandishi, ilikubali jambo ambalo vinywa vya watu vilikwisha kuliamua.

Basi mwanafunzi na ajifunze majina hayo pamoja na maana zake, kisha ayapeleke mbele ya sentensi zenyewe. Lisiloshuhudiwa na sentensi ni mgeni, hata likiwa na sura ya mwenyeji.