Kidaka, Si Daftari

Kamati fulani, ambayo sitaitaja, imeamua kuwa sehemu ile ya kichakataji inayoshika namba moja kwa wakati, yaani rejista, iitwe “daftari”. Nilipopendekeza “kidaka” niliambiwa ni neno la kilahaja mno, kana kwamba Kiunguja si lahaja. Zidaka za Lamu ni vishubaka vilivyojengwa ukutani mwa nyumba za mawe, kila kimoja na chombo chake: unakiona, unakitoa, unaweka kingine. Rejista ndiyo hiyo hiyo.

Daftari tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni diphthera la Kiyunani, yaani ngozi iliyotengenezwa; na ngozi iliandikwa ili maandishi yakae. Kichakataji cha Cortex-M kina rejista R0 hadi R15, na kilichomo humo chaweza kufutwa na amri inayofuata. Daftari gani hilo la mstari mmoja usiokauka wino? Wale wanaopendelea “sajili”, ambao walau wana masikio, wamesahau kuwa sijill imetokana na sigillum ya Kilatini, muhuri, na kwamba wanaisimu wameshaihodhi kwa mitindo ya lugha.

Tena jina “daftari” tayari lina mwenyewe: nakala ya kidaka. OpenOCD, programu huria ya kusaka hitilafu iliyotokana na tasnifu ya Dominic Rath ya 2005 huko Augsburg, huweka nakala za vidaka kwenye kompyuta ya mhandisi chipu inaposimamishwa. Kila nakala ina alama mbili: kama ni halali, na kama ni “chafu”, yaani imebadilishwa lakini haijaandikwa kwenye chipu. Kabla kichakataji hakijaachiwa kiendelee, zilizo chafu huandikwa. Anayeboresha sehemu hii hupigania jambo moja, nakala na chipu zisipingane. Sasa mfasiri wa kamati na aandike: “Daftari la daftari limechafuka, liandike kwenye daftari.” Hongera zao.

Mpinzani mmoja alinitega kwa x0, rejista ya vichakataji vya RISC-V, ambayo hutoa sufuri hata uiandikie nini. Nikamjibu kuwa hicho ni kidaka kilichozibwa, naye anionyeshe daftari lake lisiloandikika. Bado nasubiri.

Matumizi: soma kidaka, andika kidaka, nakala ya kidaka. Wingi ni vidaka; mtu wa Lamu akisema zidaka, asisahihishwe.