Barua Iliyoishia kwa Mnunuzi wa Kwanza

Fundi wangu, mzee anayefanya kazi zake chini ya mwarobaini, aliwahi kunionyesha kiungo cha gurudumu la mbele la gari langu kikitikisika kwa nguvu ya mkono tu. "Dokta," akaniambia, "hii siyo ya barabara mbovu. Hii imetoka nayo kiwandani." Sikuweza kuthibitisha kauli yake, wala kuikanusha. Ila nilijiuliza: kama ni kweli, nani alipaswa kuniambia?

Swali hilo lina historia. Mwishoni mwa mwaka 1959 General Motors ya Marekani ilianza kuuza Chevrolet Corvair, gari dogo lenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa. Toleo lake la Monza liliwavutia vijana waliotamani gari la spoti kwa bei nafuu. Tatizo lilikuwa chini, katika ekseli ya nyuma. Kila nusu ya ekseli ilikunjika sehemu moja tu, pale kwenye difu. Dereva alipokata kona kwa kasi, mwili wa gari uliweza kuinuka, gurudumu la nje likajikunja kuelekea ndani, na sehemu ya nyuma ikateleza ghafla.

Mfumo huo haukuwa wa Corvair peke yake. Ulikuwamo katika Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, na hata katika Mercedes-Benz 300 SL, gari la spoti la matajiri. Mercedes waliurekebisha katika toleo la wazi la mwaka 1957. General Motors walichagua njia nyingine. Corvair za mwanzo zilitoka bila stebilaiza ya mbele, na mwenye gari akaelekezwa ajaze upepo wa paundi 15 katika tairi za mbele na 26 za nyuma. Usalama wa abiria ukategemea kijitabu cha maelekezo na kijana wa kujaza upepo kituo cha mafuta. Stebilaiza ilikuja mwaka 1964, na mwaka 1965 mfumo wa nyuma ukasanifiwa upya.

Novemba 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alichapisha kitabu Unsafe at Any Speed, na sura yake ya kwanza ilihusu Corvair. Kampuni iliajiri wapelelezi wa kumchunguza mwandishi. Siri ikafichuka, na Machi 1966 rais wa General Motors, James Roche, akaomba radhi mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Septemba 9 mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari. Tangu hapo mtengenezaji aliyegundua kasoro ya usalama alilazimika kumwarifu mnunuzi. Wajibu wa kulitengeneza gari bila malipo ulikuja baadaye, kwa marekebisho ya mwaka 1974.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mwaka 1972 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba Corvair za 1960 hadi 1963 hazikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake. Watetezi wa kampuni huitaja ripoti hiyo kama ushindi. Mimi naisoma vingine. Kuwa sawa na wenzako si kuwa salama. Huenda ni wote mliokuwa wabovu. Tena, sheria nzuri haisimami juu ya gari moja. Inasimama juu ya kanuni kwamba anayejua kasoro asikae kimya mbele ya anayeipanda.

Hata hivyo, sheria ya 1966 ilikuwa na mpaka wake. Barua ya rejista ilimwendea mnunuzi wa kwanza, na yule aliyehamishiwa dhamana ya kiwanda. Mnunuzi wa tatu au wa nne hakuwamo. Sisi ndio hao wa tatu na wa nne. Gari linaondoka Japani likiwa limetumika, linavuka bahari, linashushwa Dar es Salaam au Mombasa, na barua inabaki kule ilikoandikiwa.

Ndugu msomaji, namba ya chesisi imo kwenye kadi ya gari lako, na watengenezaji wengi wa Japani wameweka kwenye tovuti zao mahali pa kuiingiza ili kujua kama gari liliwahi kuitwa lirudi kwa marekebisho. Anza na hilo leo. Lakini usalama wa umma haupaswi kuachiwa udadisi wa mtu mmoja mmoja. Kabla gari halijasajiliwa, anayeliingiza nchini alazimishwe kuonyesha kwamba wito huo, kama ulikuwapo, ulitekelezwa. Fundi chini ya mwarobaini asiwe wa kwanza kutuarifu.