Watoto Wetu na Historia ya Inchi Yao

Katika yubile hii tunahesabu miaka tangu siku walipofika mapadri wa kwanza. Ni haki kumshukuru Mungu kwa siku ile. Lakini watu walikuwa hapa mbele yake, nao walikuwa na historia.

Wazee wetu waliosoma wakati wa Wabelgiji wanatueleza kwamba walikariri majina ya wafalme wa Ubelgiji, na juu ya wafalme wa Baluba, Balunda na Bakuba walisikia machache sana. Baada ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, mafundisho yaligeuzwa, na watoto wakaanza kujifunza habari za babu zao. Tunafurahi kwa hayo.

Hata hivyo deni limebaki. Mapokeo ya makabila yetu mengi yanakiri kwamba babu zetu walipofika waliwakuta Batwa. Lakini katika masomo Batwa hutajwa kwa maneno machache, kama wawindaji wa pori tu. Mtoto asiyefundishwa habari za jirani yake hujifunza kumdharau. Katika inchi yetu ya Tanganyika tumeona matunda ya dharau hiyo: mwaka 2013, na tena mwaka 2016, Baluba na Batwa walipigana, vijiji vikachomwa, watu wengi wakakimbia makwao. Mwaka 2022 serikali ilitoa sheria ya kulinda haki za Batwa na wenzao wa pori. Sheria hiyo ni njema, lakini moyo wa mtoto hutengenezwa nyumbani na shuleni.

Kanisa letu lina mfano. Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri na Askofu Roelens tarehe 21 Julai 1917 pale Baudouinville, yaani Moba ya leo, alikuwa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Mbele ya kupewa upadri alikuwa amekwisha kuandika juu ya mawazo na desturi za watu wake, wala hakuona imani yake imepungua.

Basi tunawaomba walimu wa shule zetu: watumeni wanafunzi kwa wazee, daftari mkononi, na kati ya wazee hao wawemo Batwa. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, hatutapata pa kusoma aliyoyajua. Mungu Baba wa wote atujalie kufahamiana.